Noeli, Sombe na Matangazo ya Televisheni

Majilio ni wakati wa kungoja. Kanisa lavaa zambarau, Gloria haiimbwi siku za Dominika, na mkristu aambiwa akeshe. Lakini katika televisheni hakuna anayengoja. Tangu mwezi wa kumi na moja Noeli imekwisha kufika huko: kuku amekwisha kuchomwa, chupa zimekwisha kufunguliwa, na theluji yawaangukia watu waliovaa kofia nyekundu, kana kwamba mji wetu wa Kisangani hauko nusu digrii tu kutoka mstari wa ikweta. Hayo ndiyo matangazo ya biashara, ambayo hapa kwetu watu huyaita pibulisite.

Kila mtu huyanung'unikia, na kila mtu huyatazama. Ndugu msomaji, nataka tuyatazame mara hii kama tunavyotazama mchezo au sinema, yaani tuyahukumu kama kazi iliyotungwa. Maana ni kazi iliyotungwa kweli, tena yenye gharama: nusu dakika ya tangazo huweza kula fedha nyingi kuliko mchezo mzima wa wasanii wetu wa Makiso. Na kwa kuwa kila hukumu yataka kipimo, mimi nimechagua kipimo kilicho karibu na kila mlango wa mji huu. Nimechagua sombe.

Kwanza niyaondoe manung'uniko madogo. Watu husema matangazo yana makelele. Ni kweli, wala si sisi peke yetu tunaosema. Marekani, ambako biashara hii ilizaliwa, watu walilalamika miaka mingi hata mwaka 2010 ikatungwa sheria ya kukataza tangazo lisipige kelele kuliko kipindi linachokikatiza. Ilianza kushika kazi mwezi wa Desemba 2012. Watu husema pia kwamba tangazo lile lile hurudiwa mpaka mtu aona kichefuchefu. Hilo nalo ni kweli, lakini halitoki katika uvivu wa watangazaji. Mwenye bidhaa hanunui upendo wako, anunua kumbukumbu yako. Jina lililosikiwa mara mia litakuja mdomoni lenyewe siku utakaposimama mbele ya kibanda cha duka, hata kama ulilichukia kila mara ulipolisikia. Sisi makatekista hatuwezi kushangaa, maana twaijua sana nguvu ya kurudia.

Tangazo la kwanza la televisheni lililolipiwa lilionyeshwa New York tarehe 1 Julai 1941. Lilikuwa la saa za Bulova, likachukua sekunde 10 hivi, likagharimu dola 9. Lilionyesha saa juu ya ramani ya Marekani, na maneno machache, basi. Ufaransa walikawia: walifungua mlango kwa matangazo ya bidhaa tarehe 1 Oktoba 1968, na la kwanza lilikuwa la jibini iitwayo Boursin. Angalieni, hata wao walianzia mezani. Mwenye kuuza ajua kwamba njia fupi ya kuingia nyumbani mwa mtu yapita jikoni.

Lakini sisi watu wa Tshopo tumo katika habari hiyo tangu zamani zaidi, ingawa wachache hukumbuka. Mwingereza William Lever alikuwa mmoja wa wa kwanza duniani kuuza sabuni kwa nguvu ya matangazo: picha ukutani, picha magazetini, jina la Sunlight kila mahali. Sabuni yataka mafuta, na mwaka 1911 alipatana na serikali ya Wabelgiji apewe misitu ya michikichi ya Kongo. Mojawapo ya vituo vyake vikubwa ni Elisabetha, ambayo leo twaiita Lokutu, huku huku mkoani mwetu, ukishuka mto. Wazee wetu walipanda michikichi na kukata mikungu ya ngazi, wengi wao kwa kushurutishwa, na mafuta yakaenda ng'ambo. Kwa hiyo mawese, ambayo bila hayo sombe si sombe, yalikuwa pia mafuta yaliyolainisha mashine ya kwanza ya matangazo. Mimi sioni kwamba ni jambo la kukasirikia leo. Nasema tu kwamba tangazo si mgeni aliyefika jana kwa satelaiti.

Sasa tulitazame moja. Silitaji jina, kwa sababu yako kama hayo kumi, na mtu akinisoma huko Goma au Bunia atalitambua lake. Ni tangazo la kube, yaani kile kipande kidogo cha kiungo kilichofungwa kwa karatasi ya kung'aa. Mama kijana yu jikoni. Jiko ni la gesi, ukuta ni mweupe, sufuria haina masizi. Amekunja uso. Mgeni yuko njiani, labda mama mkwe, na chungu kinatoa mvuke usiokuwa na sifa. Jirani aingia, amevaa vizuri mno kwa mtu atokaye jikoni mwake, achungulia chungu, acheka kidogo. Atoa kipande mfukoni. Mama akiponda, akinyunyiza, na mara taa zote za chumba huongezeka. Mume ainua kijiko, macho yamtoka. Mama mkwe amkumbatia mkwewe. Wimbo. Jina. Mwisho.

Kama kazi ya sanaa, si mbaya. Yule mama mkwe ni mchezaji hodari, kwa kuinua nyusi tu amekwisha kutueleza miaka mitatu ya ugomvi. Lakini midomo ya watu haiendi pamoja na maneno, kwa sababu tangazo lilipigwa picha katika nchi nyingine kwa Kifaransa, kisha likawekewa Kilingala, na kwa sisi wa Kiswahili likaongezwa sentensi moja mwishoni kama makombo. Tena hakuna kinu. Nimelitazama mara nyingi, nikitafuta kinu na mchi pembeni mwa jiko lile, sikuviona. Hakuna pia mtoto anayetumwa maji, wala dada anayechambua majani, wala moshi. Mwanamke yu peke yake mbele ya chungu, peke yake na aibu yake, mpaka bidhaa ije imwokoe.

Hapo ndipo penye kosa la tangazo lile, nalo ni kubwa kuliko makelele. Tangazo la saa la mwaka 1941 lilisema: tuna saa. Tangazo hili lasema: wewe una upungufu. Kabla ya kukuuzia dawa ni lazima likupe ugonjwa. Mama ambaye jana alipika kama alivyofundishwa na mama yake, akala na watoto wake, akashiba, leo aambiwa katika nyumba yake mwenyewe, mbele ya watoto wale wale, kwamba chungu chake kilikuwa cha kuchekwa. Na watoto husikia. Katika mtaa mmoja wa Mangobo nimemsikia mtoto wa miaka sita akimwuliza mama yake kwa adabu kabisa: «Mama, sombe yetu ni ya masikini?» Mama hakumjibu. Alimtuma dukani.

Haki yataka niseme jambo moja kwa upande wa kube. Julius Maggi, Mswisi aliyeanzisha chakula cha namna hii, hakuanza kwa ujanja. Katika miaka ya 1880 wanawake wengi wa nchi yake walikuwa wakifanya kazi viwandani toka alfajiri mpaka usiku, hawana nafasi ya kupika, na watoto wao walikula vibaya. Alitafuta unga wa kunde na supu ya kupikwa upesi ili watu wa mshahara mdogo wapate chakula chenye nguvu. Kipande cha mchuzi kilifuata mwaka 1908. Asili hiyo ni ya huruma. Wala mimi sikatazi mama kutia kube katika chungu, mradi ajue anatia nini: katika vipande vingi vya namna hii zaidi ya nusu ya uzito ni chumvi, na Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku nzima. Hilo tangazo halikusema.

Basi tuije sombe yenyewe, maana twaila kila juma na hatuitazami.

Sombe ni majani ya muhogo. Walingala huyaita pondu. Muhogo si mmea wa kwetu tangu mwanzo: Wareno waliuleta kutoka Brazili katika karne ya 16, ukapanda mito, ukaingia kila shamba. Huko ulikotoka na mahali pengi ulikofika watu hula mzizi, na majani huachwa. Wazee wa Kongo hawakuyatupa. Waliona kwamba mzizi hushibisha lakini haujengi mwili, na majani yana kile mzizi usicho nacho. Leo wataalamu wa chakula wanatuambia jambo lile lile kwa maneno yao: majani ya muhogo yana protini nyingi kuliko mboga nyingi, na vitamini A, vitu ambavyo mtoto anayekula muhogo mtupu huvikosa.

Lakini majani hayo hayaliwi ovyo. Yana sumu ndani yake, ile ile iliyomo katika muhogo mchungu. Yakipondwa, sumu hutoka na kuyeyuka. Yakichemshwa kwa muda mrefu bila kufunikwa, huondoka na mvuke. Kwa hiyo kule kutwanga si ushamba, na saa mbili za moto si uvivu wa mpishi. Ni elimu, tena elimu iliyowaokoa watu kabla hapajawa na maabara. Waliosahau elimu ya muhogo, au waliozuiwa kuifuata na njaa na vita, wameonja matokeo: ule ugonjwa wa kupooza miguu uitwao konzo, ambao daktari Trolli aliueleza mwaka 1938 katika nchi ya Kwango, hutoka katika mizizi michungu isiyolowekwa siku za kutosha. Nikisikia tangazo linamwahidi mama kwamba chakula cha jadi kitaiva kwa dakika 10, nacheka, kisha siachi kuogopa kidogo.

Na ladha? Wasomaji wa Kisangani hawana haja ya kufundishwa. Majani machanga hutwangwa pamoja na kitunguu majani na pilipili tamu, huchemka mpaka rangi ya kijani ikolee, kisha mawese, kisha kipande cha samaki mkavu au cha bitoyo kilichookolewa kwa ajili hiyo. Wengine hutia karanga. (Kuna wanaotia sukari. Nawaombea.) Siku za kawaida sombe ni mboga yenyewe. Siku ya Noeli hushuka cheo: katikati ya meza huwekwa kuku kama yupo, au samaki wa Wagenia, na wali wa Isangi, na lituma ya makemba yaliyopondwa, sombe hukaa pembeni katika bakuli lake, bila kujivuna. Hakuna anayeisifu. Lakini iondoe uone. Kuku hugawiwa kwa kipimo, baba paja, mgeni kifua, watoto shingo na mabawa, na hapo ndipo manung'uniko huanza. Sombe haigawiwi. Kila mtu huchota na kurudi, na mtoto wa jirani aliyesimama mlangoni hupewa sahani bila mtu kuhesabu. Nadhani ndiyo sababu hutuliza moyo: ni chakula pekee cha sikukuu ambacho hakimwulizi mtu ana haki gani ya kula.

Tulio na umri wa miaka thelathini na zaidi twaijua kwa sababu nyingine pia. Tangu mwaka 1998 vita ilikata mto, na mashua za Kinshasa hazikupanda tena. Tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000 majeshi mawili ya kigeni, ya Uganda na ya Rwanda, yalipigana ndani ya mji wetu siku sita, na mamia ya watu wakafa ambao hawakuwa na ugomvi na yeyote. Noeli ya mwaka ule haikuwa na kuku katika nyumba nyingi. Chumvi ilikuwa adimu. Muhogo ulikuwa nyuma ya nyumba, na majani yake hayakuhitaji mashua. Watu walitoka Misa, wakala sombe, wakawataja wafu wao. Wala hapakuwa na mtu wa kuwaambia kwamba ina upungufu.

Ndipo nauliza: tangazo linalotaka kuuza kitu kwa mji wa namna hii laweza kweli kuanza kwa kumcheka mama mbele ya chungu chake?

Matangazo ya bia sitayasemea sana. Yanajulikana. Wanamuziki wakubwa wa Kinshasa waligawanywa kati ya kampuni mbili za pombe, Bralima na Bracongo, kama wachezaji wa mpira, na desturi ya kurusha majina ya wenye fedha ndani ya nyimbo, ile iitwayo mabanga, imefanya tusijue tena wimbo unaishia wapi na tangazo linaanzia wapi. Hayo yaudhi kwa namna ya furaha, kama mlevi anayekukumbatia. Yanachukua mshahara wa Desemba wa baba wengi, nalo ni jambo zito, lakini angalau hayamwambii mama kwamba hajui kazi yake.

Watu wengine hudhani Kanisa lachukia matangazo. Sivyo. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika hati yake Inter Mirifica ya tarehe 4 Desemba 1963, ulivihesabu vyombo hivi miongoni mwa vitu vya ajabu ambavyo akili ya binadamu imevivumbua kwa msaada wa Mungu. Na mwaka 1997 Baraza la Kipapa la Mawasiliano ya Jamii lilitoa maandishi mazima juu ya maadili ya matangazo. Yanakubali kwamba tangazo laweza kufaa: lamjulisha mtu kilichopo sokoni, lasaidia uchumi, lawapa watu kazi. Kisha yataka mambo matatu: lisiseme uongo, liheshimu utu wa mtu, lifikiri mema ya jamii nzima. Kwa kipimo hicho, tangazo letu la kube laponyoka katika la kwanza, kwa kuwa halisemi uongo kamili, laficha tu. Katika la pili laanguka.

Na yako yanayosimama. Nimeona hapa hapa tangazo la chanjo ya polio, nusu dakika, lililopigwa picha katika uwanja wa nyumba ambao ungeweza kuwa Lubunga. Mama ameketi juu ya kibao, anachambua majani. Muuguzi apita, asalimu kwanza, «Jambo Mama, habari ya watoto?», angoja jibu, ndipo aseme neno lake. Halikuwa na wimbo. Watoto wa jirani zetu hawakulijua kwa moyo, lakini siku ya chanjo walipelekwa. Yule aliyelitunga alifahamu jambo dogo: huingii uani mwa mtu bila kupiga hodi. Tangazo la biashara nalo laweza kujifunza hodi. Nchi yetu ina baraza la kusimamia vyombo vya habari, CSAC, lililowekwa kwa sheria ya mwaka 2011. Hushughulika sana na wanasiasa wanaotukanana. Mama anayetukanwa katika jiko lake hana msemaji huko, nami naona yafaa apatikane.

Wachache wajua kwamba televisheni ina mtakatifu wake mwombezi. Ni Klara wa Assisi, aliyetangazwa na Papa Pius wa Kumi na Mbili mwaka 1958. Sababu ni Noeli. Usiku wa Noeli, karibu na mwisho wa maisha yake, Klara alikuwa mgonjwa kitandani, masista wote wamekwenda kanisani, akabaki peke yake, naye akajaliwa kusikia nyimbo na kuona pango la Mtoto kana kwamba yupo huko. Wagonjwa wetu wanaofuata Misa kwa Radio Amani, au kwa televisheni umeme wa Tshopo ukikubali, wapata sehemu ya neema ile. Nikiwaza juu ya usiku ule wa Assisi, sikosi kuona kwamba hakuna aliyeukatiza ili amwambie Klara kwamba blanketi lake limepitwa na wakati.

Limebaki jambo la wimbo. Tangazo nililolieleza limechukua sauti ya wimbo mmoja wa zamani wa Noeli, wenye haki isiyo ya mtu tena, na kuweka jina la bidhaa mahali pa jina la Mtoto. Mwalimu wa kwaya ya watoto katika parokia moja ya hapa amenieleza kwamba katika mazoezi ya Dominika ya pili ya Majilio watoto arobaini walifika kwenye kiitikio, na nusu yao, bila ubaya wowote, wakaimba kube. Alianza upya. Wakaimba kube tena, safari hii wakicheka. Mwaka huu ameuondoa wimbo ule katika orodha ya Misa ya usiku, ameweka mwingine wa Kiswahili ambao haujapata bahati ya kununuliwa. Ule wa kwanza ameuhifadhi katika daftari. Asema ataujaribu tena mwakani, kama tangazo litakuwa limechakaa.